Mume wangu asema ndege "inadaiwa" waridi, na anazitaka pesa zangu za jaketi

Mshauri, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kayole, Nairobi, na nauza nguo za watoto soko la Gikomba. Mume wangu ni mlinzi wa usiku katika jumba la ofisi upande wa Westlands. Si mlevi, hana mpango wa kando, na kwa miaka mingi mshahara wake ulikuwa ukifika nyumbani mzima. Naanza na hayo kwa sababu kila ninayemweleza shida yangu hudhani nimeolewa na mtu wa ovyo, na sivyo.

Shida ni ule mchezo wa ndege kwenye simu. Kama hujauona: kindege kinapaa na namba inapanda nacho, mara moja na nusu, mara mbili, mara kumi, nawe unatakiwa kutoa pesa zako kabla hakijatoweka. Kikikuacha, zimeliwa. Juu ya skrini kuna mstari wa raundi zilizopita, kila moja na rangi yake. Samawati ni chini ya mara mbili, zambarau kuanzia mbili, waridi kuanzia kumi. Hiyo waridi ndiyo kila mlinzi wa zamu yao anaiota.

Baba watoto hachezi kiholela kama wenzake. Shuleni alikuwa wa kwanza kwa hesabu, karo tu ndiyo iliyomkwamisha, na mchezo huu ameuvalia njuga. Ana daftari la mistari ambalo huandika kama anavyoandika kitabu cha lango kazini: saa, namba, rangi. Rangi zenyewe ni kalamu za binti yetu wa Gredi ya Tatu. Ya samawati imekwisha kabisa, na mtoto sasa anachora mbingu za zambarau.

Kutoka kwenye daftari hilo ametoa kanuni zake. Samawati sita zikifuatana, zambarau haina budi kuja, kwa hiyo anaweka pesa na kuongeza maradufu kila anapokosa. Raundi thelathini zikipita bila waridi, ndege "inadaiwa" na lazima ilipe. Kati ya saa nane na saa kumi za usiku mfumo unatema kwa sababu watu wengi wamelala. Na akaunti mpya hushindishwa kwanza, ikishazoeleka inaanza kula.

Mshauri, kinachonisumbua ni kwamba mambo haya hutokea kweli. Jumapili moja nilikuwa nimekaa naye mezani, akahesabu samawati sita, akaniambia, "Sasa tazama." Ikaja zambarau. Baadaye akarudia, ikaja tena. Sikusimuliwa, niliona.

Baada ya Krismasi alisema laini yake imechomwa, yaani mchezo umeshaizoea, akaniomba tufungue akaunti kwa laini yangu na kitambulisho changu. Nilikubali. Wiki ya kwanza tulitoa zaidi ya elfu kumi na nane, tukalipa kodi ya nyumba na kujaza mtungi wa gesi. Nilifurahi, sikatai. Lakini tangu Pasaka inakula tu. Fuliza ya laini yangu, ule mkopo wa M-Pesa, imejaa na kuna mkopo mwingine wa simu juu yake.

Sasa nina elfu arobaini nilizoweka kando ili mimi na mwenzangu wa sokoni tununue robota la jaketi za watoto kabla baridi ya Juni haijaingia. Huo ndio msimu wangu. Baba watoto anazitaka. Anasema njia yake haijawahi kushindwa, ni mtaji tu ulikuwa mdogo, unakatika kabla zambarau haijafika. Kwa elfu arobaini hawezi kukatika. Katika daftari lote samawati tisa mfululizo zimetokea mara moja tu, na siku hiyo, anasema, mtandao ulikuwa mbaya. Tena anasema tumepoteza kwa muda mrefu mno hivi kwamba zamu yetu imekaribia, na tukiacha sasa, mwingine atakuja kuvuna tulichokwisha kulipia.

Kuna jambo la mwisho, dogo. Anasema nikiwa karibu naye ndege hukatika mapema. Siku hizi akianza kucheza naombwa niende kwa jirani. Wiki jana aliwaambia watoto mama yao ana kisirani. Alisema akicheka, lakini binti yetu alimuuliza kama yeye pia atoke.

Je, hii bahati ya kwenda kwa zamu ina ukweli? Nikimnyima na ndege ikatema, nitakuwa nimeziba riziki ya nyumba yangu. Nikimpa na ikala, baridi yote nitauza nini? Usiniambie niombe. Naomba tayari.

Mama Jaketi, Kayole

Mshauri anajibu

Dada yangu wa Kayole, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umeniuliza mambo matatu yaliyofungwa pamoja. Unataka kujua kama bahati huja kwa zamu. Unataka kujua utafanyaje na elfu arobaini ambazo bado ziko mkononi mwako. La tatu, lile uliloliita dogo, sidhani ni dogo, na nitalirudia.

Nianze na ndege, kwa sababu umekuwa mkweli kwamba nusu yako inaamini. Sitakudharau kwa kukuambia tu kamari ni mbaya. Jumapili ile uliona zambarau ikija baada ya samawati sita, na hukuota. Swali langu ni hili: mtu asiye na daftari lolote, akisema "sasa zambarau" wakati wowote anaotaka, atapatia mara ngapi? Michezo ya ndege iliyo maarufu hutangaza kwamba hurudisha asilimia 97 ya pesa zinazowekwa. Ukipiga hesabu kutoka hapo, nafasi ya ndege kufika mara mbili ni kama 48 na nusu katika kila mia. Ndivyo ilivyo baada ya samawati sita, baada ya zambarau sita, na baada ya raundi ya kwanza kabisa ya asubuhi. Kupatia majaribio mawili kwa mawili, kama alivyopatia mbele yako, hutokea karibu mara moja katika kila nne. Hakuhitaji kanuni kwa hilo.

Na hizo samawati sita zenyewe si ajabu. Tuseme raundi ni mbili kwa dakika, yaani 120 kwa saa. Mfululizo wa samawati sita au zaidi utauona takriban mara moja kila saa, bila mtu yeyote kuupanga. Raundi thelathini bila waridi? Baada ya waridi yoyote, nafasi ya kukosa nyingine katika thelathini zinazofuata ni karibu tano katika mia, kwa hiyo mtu anayekesha ataiona tena na tena. Lakini akishafika hapo, ya thelathini na moja bado ina nafasi isiyofika kumi katika mia, ile ile iliyokuwa nayo ya kwanza. Nimecheka kidogo, kwa heshima, niliposoma kwamba kalamu iliyokwisha ni ya samawati. Mtoto wako ana takwimu sahihi kuliko kanuni zote za baba yake: samawati ndizo nyingi, zaidi ya nusu, na zimewekwa ziwe hivyo.

Mumeo ni mtu wa kuandika, na huenda hapa ndipo alipopotezwa na uhodari wake mwenyewe. Kitabu cha lango kina maana. Ukiandika magari kwa miezi, utajua gari fulani huingia Ijumaa usiku, na wafagiaji hufika saa kumi na moja, kwa sababu nyuma ya kila namba kuna mtu mwenye mazoea. Nyuma ya ndege hakuna mtu. Katika michezo ya aina hii, matokeo hutokana na namba ya siri inayoandaliwa na seva kabla ya raundi, ikachanganywa na namba kutoka kwenye simu za wachezaji wa kwanza wa raundi hiyo. Ule mstari wa rangi juu ya skrini hauingii kwenye hesabu hiyo. Umewekwa pale utazamwe. (Na wale wanaouza "utabiri" wa ndege Telegram kwa mia tano, jiulize mwenyewe kwa nini wauze.)

Saa nane za usiku nazo zina maelezo mepesi: ndipo anapocheza zaidi, basi ndipo anaposhinda zaidi, na ndipo anapopoteza zaidi.

Hata hivyo, nisikufiche kwamba kuna namna zamu zinaweza kutengenezwa. Mwaka 2014 watafiti wawili wa London, Juemin Xu na Nigel Harvey, walichapisha uchunguzi wa beti zaidi ya nusu milioni za wacheza kamari wa mtandaoni, wengi wao wakibeti michezo. Walikuta kwamba aliyeshinda mara kadhaa mfululizo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kushinda tena, na aliyepoteza alizidi kupoteza. Ungedhani mumeo amethibitishwa. Lakini walipochunguza sababu, waliona waliokuwa wakishinda walianza kuogopa kwamba bahati itageuka, wakachagua beti salama zinazolipa kidogo. Waliokuwa wakipoteza waliamini zamu yao imekaribia, wakachagua beti ngumu zaidi. Zamu ilitoka mikononi mwao. Siku moja akiwa ametulia, mwombe akuonyeshe ukurasa wa tangu Pasaka: je, kadiri alivyopoteza, ndivyo alivyozidi kuingoja waridi badala ya kutoa kwenye mbili? Jibu analo mwenyewe kwa mwandiko wake.

Sasa tuje kwenye mtaji, kwa sababu hoja yake ya elfu arobaini ndiyo yenye hatari, na inasikika kama ya mtu wa hesabu. Ni kweli kwamba ukiongeza maradufu utashinda mara nyingi sana. Tuseme anaanza na 50: kisha 100, 200, 400, hivyo hivyo. Kila akipatia anabaki na faida ya 50, hata kama imekuja raundi ya nane. Akikosa mara tisa mfululizo, amekwisha kuweka 25,550, na ya kumi inataka 25,600. Kwenye elfu arobaini hazipo. Samawati tisa mfululizo hutokea karibu mara moja katika kila majaribio 390. Majaribio 390 yakimpa 50 kila moja ni kama 19,500, na kushindwa mara moja kunachukua 25,550. Kwa mwendo wa raundi mbili kwa dakika, majaribio hayo yanaisha ndani ya saa sita au saba, na lindo la usiku ni refu kuliko hapo. Mtandao wa siku ile haukuwa mbaya, dada. Hiyo ndiyo siku yenyewe. Akiifuta kwenye daftari, daftari linabaki na siku nzuri tupu.

Ongeza na ushuru. Tangu Julai 2025, asilimia 5 hukatwa pesa zinapoingia kwenye akaunti ya kamari, na asilimia 5 zinapotolewa. Katika elfu arobaini zako, elfu mbili zimekwenda kabla injini haijawaka.

Nikiwa wewe ningetaka kuliona daftari ambalo halijaandikwa bado. Lake lina saa, namba na rangi. Halina pesa. Akaunti iko kwenye laini yako, kwa hiyo taarifa ya M-Pesa ya tangu Januari ni yako kuiomba, na kila shilingi iliyoingia na kutoka kwenye kampuni ile iko humo. Jumlisha iliyoingia, jumlisha iliyotoka. Sijui utakuta nini, na sitaki kukubashiria. Nadhani wewe pia hujui, kwa sababu ushindi wa elfu kumi na nane ulilipa kodi na gesi, vitu vya kushikika, ilhali hasara hutoka kidogo kidogo usiku wa manane bila kishindo. Hesabu ya wastani yenyewe haina kishindo: beti za 50, raundi 120 kwa saa, ni 6,000 zinazozungushwa, na asilimia 3 yake ni 180 kila saa. Usiku mmoja utamficha, mwingine utamwonyesha mara tano yake.

Kuhusu akaunti mpya, ipo chembe ya ukweli, kwani kampuni nyingi huwapa wateja wapya bonasi ya kuwakaribisha, na huwa na masharti yake. Zaidi ya hapo, kushinda wiki ya kwanza si jambo la ajabu. Walioanza kwa kupoteza wiki hiyo waliacha, na hawana hadithi ya kukusimulia sokoni.

Mimi ninayeandika haya nina wasiwasi zaidi na sentensi yako moja kuliko kanuni zote za mumeo. Umesema ukimnyima na ndege ikatema, utakuwa umeziba riziki. Dada, ndege itatema. Waridi huja karibu mara moja katika kila raundi kumi, itakuja usiku ule ule utakaomnyima, tena si mara moja, na huenda akakuamsha akuonyeshe: "Unaona!" Jiandae kwa dakika hiyo. Itauma, na itafanana sana na ushahidi. Lakini waridi hiyo ingekuja uwe umetoa pesa, umenyima, au umelala.

Naomba pia tuangalie jinsi ulivyolipanga swali lako: kama nadharia ni ya kweli nitoe, kama ni ya uongo ninyime. Je, lazima iwe hivyo? Hizo pesa zina mwenzako wa sokoni anayezingoja, zina msimu ambao ukipita umepita, na ndizo zinazokuinua mwenyewe kutoka kwenye Fuliza. Hata mtu mwenye kanuni ya kweli anaweza kuambiwa mtaji huu una kazi nyingine. Labda huhitaji kushinda ubishi wa ndege ndipo uamue habari ya jaketi.

Njia ulizonazo ni kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Ukimpa zote, utakuwa umenunua amani ya siku chache, na zikiliwa, ubishi utakaofuata hautakuwa wa ndege tena. Ukimpa sehemu, elfu tano tuseme, unaweza kuona umepata katikati. Ila kwa mtu anayeamini kilichomwangusha ni mtaji mdogo, elfu tano zikiisha ni ushahidi kwamba ungempa zaidi. Ukimnyima waziwazi, huenda akakopa kwa wenzake wa lindo au atumie laini ya mtu mwingine, nawe ubaki na lawama. Wanawake wengi huchagua njia ya nne: wanageuza pesa kuwa bidhaa mapema, robota linanunuliwa, mjadala unakufa. Inafanya kazi, lakini ikifanywa kimya kimya mume huona amezungukwa. Ukimwambia siku hiyo hiyo kwamba umenunua na kwa nini, angalau utakuwa hujamficha.

Akaunti ni suala la peke yake, na hapa una uwezo kuliko unavyodhani. Jina ni lako, kitambulisho ni chako, deni la Fuliza na ule mkopo mwingine vitakufuata wewe, mpaka kwenye orodha ya wadaiwa sugu ya CRB, wanaotunza rekodi za mikopo, ukichelewa sana. Kampuni nyingi zenye leseni huwa na sehemu ya kujifungia akaunti, kwa muda au moja kwa moja. Unaweza kubadilisha PIN ya M-Pesa. Unaweza pia usifanye lolote kwanza, uzungumze naye. Ukifunga bila kumwambia atajua ndani ya saa moja, tena akiwa lindoni, peke yake, amekasirika. Ukimwambia kwanza, anaweza kukushawishi. Wewe ndiye unayeijua hasira yake. Hukuandika kwamba unamwogopa, nami sitakuwekea maneno mdomoni. Ila kama uliliruka hilo kwa kusudi, simu ya bure 1195, ya kusaidia wanaodhulumiwa nyumbani, hupokelewa mchana na usiku, na kuipiga si kumshtaki mtu.

Ukiamua kuzungumza, usimvamie saa moja asubuhi akitoka kazini macho mekundu. Ngoja siku ya mapumziko, ameshalala, ameshakula. Na usianze kwa kulicheka daftari. Fikiria mtu aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu, anayesimama langoni akiandika namba za magari ya watu wengine usiku kucha. Inawezekana ndege ndiyo mahali pekee ambapo akili yake bado inapewa kazi. Ukimwondolea daftari, umemwondolea na hilo, na sijui kama ana kitu kingine cha kuliweka mahali pake. Robota la jaketi lina hesabu pia: vipande vingapi, daraja gani, bei gani ya kuanzia, zipi ziuzwe Juni na zipi zisubiri Julai. Huenda hajawahi kuulizwa.

Unaweza kumpendekezea jaribio lisilo na pesa: aandike utabiri wake kabla ya raundi, nawe uandike wako kwa kurusha sarafu ya shilingi ishirini, kisha mlinganishe baada ya raundi mia mbili. Kwa mtu wa hesabu, hilo lina heshima ndani yake. Hatari yake ni kwamba katika raundi mia mbili anaweza kukushinda kwa bahati tu, na hapo umempa cheti. Tena kama tayari anashindwa kuiweka simu chini, kumketisha mbele ya ndege hata bila pesa si kumsaidia.

Hilo la mwisho nalisema kwa uzito. Shirika la Afya Duniani linatambua kamari iliyomshinda mtu kama ugonjwa. Dalili si kupoteza pesa peke yake, maana kila mchezaji hupoteza. Angalia kama amewahi kujaribu kuacha akashindwa, kama anakopa kwa siri, kama kiasi kinapanda ili apate msisimko ule ule, kama anacheza ili arudishe alichopoteza. Hiyo ya mwisho umeshaniandikia, ingawa moja haitoshi kusema lolote. Ukiona zimejikusanya, Hospitali ya Mathari iliyoko barabara ya Thika huhudumia watu wenye uraibu, na si lazima mtu awe amevunjika ndipo aende. Anaweza kukataa, wengi hukataa mara ya kwanza. Wewe unaweza kutafuta ushauri kwa ajili yako hata kama yeye hajawa tayari.

Sasa lile dogo. Nimekueleza jinsi raundi inavyopatikana. Hakuna mahali ambapo kiti ulichokalia kinaingia. Lakini sidhani kilichokuumiza ni hesabu. Umetolewa nje ya nyumba unayoilipia kodi nusu, na mtoto amejifunza kwamba kuna watu ambao kuwepo kwao huharibu mambo, akataka kujua kama yeye ni mmoja wao. Hilo halihitaji kusubiri muafaka wa elfu arobaini. Binti yako unaweza kumjibu leo jioni kwamba hakuna anayetoka. Na baba yake unaweza kumwambia kile mtoto alichouliza, kwa maneno yale yale, bila kuongeza lako. Nahisi, na ni hisia tu, kwamba hilo litamfikia pale ambapo hoja zangu za asilimia hazitafika.

Kabla ya yote, zungumza na mwenzako wa Gikomba ujue robota linafunguliwa siku gani na anahitaji pesa lini. Tarehe hiyo ukiwa nayo, utajua una siku ngapi za kuiomba taarifa ya M-Pesa na kuisoma peke yako kabla hujaketi na baba watoto. Na ukishajumlisha, niandikie tena, hata kama umeamua kinyume na ninavyoweza kudhani.